Faili la kamusi ya uvuvi limegoma kufunguka: nitumieje xmllint bila kupoteza neno hata moja?

mwalimu_wa_pangani

Habari za saa hizi wakuu. Naomba msaada, na naomba mnivumilie maana nitaeleza kwa urefu.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Pangani. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikikusanya maneno ya uvuvi na ubaharia kutoka kwa wazee wa huku: majina ya samaki, ya nyavu na mitego, ya kamba za jahazi, ya pepo. Nilianza na babu yangu mzaa mama aliyekuwa nahodha, nikaendelea na wenzake wa mjini na wa Bweni ng'ambo ya mto. Nina vitomeo 2,146, yaani maneno pamoja na maelezo yake. Wazee wawili kati ya walionisimulia wameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo humo mna maneno ambayo sina tena wa kumrudia. Naomba mlijue hilo kabla hamjaniambia nifute mstari unaosumbua niendelee na safari.

Kijana mmoja niliyemfundisha zamani alinishauri tuyaweke kwenye XML, mtindo wa kuandika data ambamo kila kipande huzingirwa na tagi ya kufungua na ya kufunga. Akanitengenezea mfano, na wanafunzi wanne wakanakili kutoka kwenye madaftari yangu, kila mmoja daftari lake na kompyuta yake. Kitomeo kimoja kimekaa hivi (kidahizo ni neno lenyewe linaloelezwa):

```
<kitomeo id="n0055">
  <kidahizo>ng'onda</kidahizo>
  <ngeli>i-zi</ngeli>
  <maana>samaki aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa juani</maana>
  <mfano>Ng'onda wa papa huuzwa kwa mikungu.</mfano>
</kitomeo>
```

Juzi niliunganisha mafaili manne kuwa moja kwa amri ya `cat`, kisha nikafuta kwa mkono vile vichwa vya XML vilivyobaki katikati. Tangu hapo tovuti ndogo ya kamusi, ambayo imeandikwa kwa PHP, inaleta ukurasa mweupe. Yule kijana yuko kazini mbali, akanielekeza kwa simu niweke xmllint, programu ya kukagua mafaili ya XML, kwenye Ubuntu (`sudo apt install libxml2-utils`) nilipitishe faili humo. Nimefanya hivyo, nikapata haya:

```
$ xmllint --noout kamusi.xml
kamusi.xml:388: parser error : Input is not proper UTF-8, indicate encoding !
Bytes: 0x92 0x6F 0x6E 0x64
kamusi.xml:1730: parser error : xmlParseEntityRef: no name
kamusi.xml:4185: parser error : Opening and ending tag mismatch: maana line 4183 and kitomeo
kamusi.xml:15025: parser error : Opening and ending tag mismatch: kitomeo line 4181 and kamusi
kamusi.xml:15026: parser error : Premature end of data in tag kamusi line 2
```

Mstari wa 388 ndio huo wa ng'onda. Nimeusoma mara nyingi mpaka macho yakauma, na sioni ulichokosea. Mstari wa 15,026 haupo kabisa, faili linaishia 15,025. Hizo namba za 0x sijui nizisomeje. Nifanye nini, na nianzie wapi?

---

kijana_wa_data

Mwalimu shikamoo, pole na hongera kwa kazi kubwa. Njia ya haraka ni hii:

```
xmllint --recover kamusi.xml --output kamusi2.xml
```

Inavumilia makosa na kukupa faili jipya linalofunguka. Mimi huitumia kwa mafaili ya RSS (ya kusambaza habari za tovuti) yaliyoharibika na kazi inaendelea palepale.

---

fundi_mstari

Shikamoo Mwalimu. Tafadhali usifanye hivyo bado. Ndugu hapo juu hajakosea kwa habari za RSS, maana kesho zitakuja nyingine. Kwako wewe ni hatari, na nitakuonyesha kwa nini.

Kwanza tusome pamoja ulichoandikiwa, kwa sababu xmllint imekuambia karibu kila kitu. Zile namba za 0x ni baiti, yaani herufi kama zilivyohifadhiwa ndani ya faili. 0x6F ni o, 0x6E ni n, 0x64 ni d. Ukizisoma kwa mfululizo unapata "ond", mwanzo wa "onda". Kwa hiyo iliyotangulia, 0x92, ndiyo imekaa mahali pa ritifaa, ile alama ya ng'. Mwanafunzi wako aliandika kwenye Word, na Word ikabadilisha ritifaa iliyonyooka ikawa ile iliyopinda. Baadaye faili likahifadhiwa kwa usimbaji (njia ya kugeuza herufi kuwa baiti) wa zamani wa Windows, unaoitwa Windows-1252, ambamo ritifaa iliyopinda ni baiti moja tu, 0x92. Katika UTF-8, usimbaji unaotumika zaidi siku hizi, alama hiyohiyo huchukua baiti tatu: E2 80 99. Kichwa cha faili kinatamka UTF-8, msomaji akafika hapo na kukuta baiti isiyoweza kusimama peke yake katika UTF-8, akagoma. Jicho lako lisingeweza kuiona, kwa sababu tatizo haliko kwenye umbo la alama. Ile ritifaa iliyonyooka ya kibodi ni 0x27 katika usimbaji wote miwili, ndiyo maana haimsumbui mtu.

Na usidhani ni hapo tu. xmllint ikishagonga baiti mbovu ya kwanza huenda isikutajie zilizobaki. Kiswahili kina ng' kila kona: ng'ombe, ng'ambo, kung'oa nanga. Kuiona mistari yote yenye baiti mbovu tumia hii:

```
grep -naxv '.*' kamusi.xml
```

Kosa la 1730 ni jepesi. Kuna mtu ameandika alama ya `&`, nadhani "ndoana & mshipi" au mfano wake. Katika XML alama hiyo ni mwanzo wa kitu kingine, kwa hiyo iandikwe `&amp;`, au bora zaidi andika "na".

Sasa njoo 4185, kisha uangalie yale mawili ya mwisho. Hayo matatu ni kosa moja. Kwenye mstari wa 4183 `<maana>` imefunguliwa na haikufungwa. Msomaji alipofika `</kitomeo>` akaichukua kuwa ndiyo inayofunga maana, hivyo kitomeo chenyewe kikabaki wazi. Vitomeo vyote vilivyofuata, zaidi ya elfu moja na mia tano, vikaingia ndani ya hicho kimoja kama maji kwenye mtumbwi uliotoboka. Mwisho wa faili `</kamusi>` ikafunga kitomeo, na kamusi ikabaki bila kifuniko. Ndiyo maana ukaambiwa data imeisha kabla ya wakati, kwenye mstari ambao haupo. Rekebisha 4183 na yale mawili ya chini yatatoweka yenyewe. Daima anza na kosa la juu kabisa, hifadhi, endesha tena. Usifukuzane na la mwisho.

Hapa ndipo `--recover` inapotisha. Ijaribu kwenye nakala, uone mwenyewe:

```
cp kamusi.xml jaribio.xml
xmllint --recover jaribio.xml --output kamusi2.xml
xmllint --xpath 'count(//kitomeo)' kamusi2.xml
xmllint --xpath 'count(/kamusi/kitomeo)' kamusi2.xml
```

Hesabu ya kwanza inatafuta vitomeo popote vilipo. Ya pili inahesabu vile tu vilivyokaa moja kwa moja chini ya kamusi. Zisipolingana, jua kamusi yako imemezana. Tovuti itafunguka, itaonyesha maneno, na robo tatu ya wazee wako hawatakuwemo. Ile `&` nayo inadondoshwa tu. Makosa yatapita kwenye skrini mara moja, wewe utashukuru kwamba ukurasa umerudi, na baada ya mwaka mmoja utatafuta neno usilione.

Kanuni ya XML 1.0, iliyotolewa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Februari 1998, inataka msomaji akikuta kosa la umbo asiendelee kana kwamba hakuna kilichotokea. Wengi huona huo ni ukali. Kwa kazi kama yako mimi nauona ni ulinzi. Na si xmllint pekee: nyuma yake kuna maktaba ya libxml2, iliyoanzishwa na Daniel Veillard kwa ajili ya mradi wa GNOME, na maktaba hiyohiyo ndiyo iko chini ya DOM na SimpleXML, zana za PHP za kusoma XML. Kinachokataliwa na xmllint kwenye dirisha lako la amri ndicho kilichokupa ukurasa mweupe.

Kwa hiyo, Mwalimu, liache hilo faili lililounganishwa, rudi kwenye yale manne ya asili. Ukiendesha `iconv`, amri ya kubadilisha usimbaji, juu ya lililounganishwa utageuza hata sehemu ambazo tayari ni UTF-8, na ritifaa moja nzima itakuwa takataka ya herufi tatu. Uliza kwanza kila faili likoje:

```
file -i daftari1.xml daftari2.xml daftari3.xml daftari4.xml
```

Litakaloonyesha `unknown-8bit` ndilo la Windows. Hilo tu ndilo uligeuze, tena kwenye faili jipya:

```
iconv -f WINDOWS-1252 -t UTF-8 daftari1.xml > d1.xml
```

Na nakuomba sana, kamwe usiandike jina lilelile pande zote mbili za `>`. Dirisha la amri hulifuta faili la upande wa kulia kabla programu haijaanza kusoma la kushoto. Nimemshuhudia mtu akipoteza kazi ya wiki mbili kwa `xmllint --format barua.xml > barua.xml`.

---

mtafsiri_kisauni

Naongezea moja tu kutoka Mombasa, kwa sababu hii ng' imenitesa pia. Mimi hutafsiri programu za simu kwa Kiswahili, faili la `values-sw/strings.xml`. Huko xmllint inaweza kunyamaza kabisa na bado Android ikakataa, kwa sababu ritifaa iliyonyooka ndani ya maandishi lazima itanguliwe na mkwaju wa nyuma: `ng\'ambo`, au maandishi yote yawekwe ndani ya alama za nukuu mbili. Hiyo ni sheria ya Android, haimo kwenye XML. Mwalimu, siku moja mkiitoa kamusi hii kwenye simu mtakutana nayo, basi jueni mapema. Na hongereni. Marehemu baba alikuwa mvuvi wa madema, nami nayasahau maneno yake moja moja.

---

mwalimu_wa_pangani

Ahsanteni mno. Fundi, Mungu akubariki. Nimekaa tangu alfajiri na hii kazi.

Nilijaribu ile `--recover` kwenye nakala kama ulivyosema. Hesabu ya kwanza ilitoka 2146. Ya pili ilitoka 597. Nilibaki naitazama ile 597. Kitomeo kilichobaki wazi ni cha neno "demani", kamba ya tanga, na kila kitu kilichoandikwa baada yake kilikuwa kimemezwa humo: kamba zote, pepo zote, na daftari zima la nne ambalo ni la marehemu mmoja peke yake.

Mafaili yametoka hivi: daftari1 na daftari3 ni unknown-8bit, daftari2 ni us-ascii, daftari4 ni utf-8. Nimegeuza la kwanza na la tatu tu. Nimeunganisha upya, nimefunga ile maana, nimebadilisha `&` kuwa "na". Nikaandika `xmllint --noout kamusi.xml` na haikujibu chochote. Nikaogopa kwamba haijafanya kazi, kumbe ukimya ndio jibu. Hesabu zote mbili sasa ni 2146, na `grep -c '<kitomeo '` nayo inanipa 2146.

Lakini kuna jambo jipya. Kwenye tovuti nikitafuta ng'onda kwa kibodi yangu, haipatikani. Nikinakili neno kutoka kwenye faili na kulibandika, linapatikana. Na nimegundua mwanafunzi mmoja ameweka maana kabla ya ngeli mahali pengi. Mbona xmllint haikulalamika?

---

fundi_mstari

La kwanza: sasa una ritifaa za aina mbili. Daftari la pili lina iliyonyooka, mengine yana iliyopinda. Kwa XML zote ni halali, kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti, kwa mtafutaji ni neno lililopotea. Chagua moja. Kwa kamusi ningechukua iliyonyooka, kwa sababu ndiyo iliyo chini ya kidole cha kila mtu:

```
sed "s/’/'/g" kamusi.xml > kamusi-r.xml
```

La pili nitalieleza kwa mfano unaoujua kuliko mimi. Sentensi inaweza kuwa Kiswahili safi na isiwe shairi. Ili iwe mshororo wa tarbia, sharti iwe na mizani na vina. Mpaka sasa umeiuliza xmllint kama maandishi yako ni Kiswahili safi: tagi zimefungwa, herufi zinasomeka. Hukuiambia mizani yako ni ipi. Mizani hiyo unaiandika kwenye DTD, faili dogo pembeni, liite `kamusi.dtd`:

```
<!ELEMENT kamusi (kitomeo+)>
<!ELEMENT kitomeo (kidahizo, ngeli, maana+, mfano*)>
<!ATTLIST kitomeo id ID #REQUIRED>
<!ELEMENT kidahizo (#PCDATA)>
<!ELEMENT ngeli (#PCDATA)>
<!ELEMENT maana (#PCDATA)>
<!ELEMENT mfano (#PCDATA)>
```

Mstari wa pili ndio moyo wake: kidahizo kimoja, ngeli moja, maana moja au zaidi, mifano yoyote au bila mfano, kwa mpangilio huohuo. Mstari wa tatu unadai kila kitomeo kiwe na namba yake isiyofanana na ya mwingine. Umefanya vizuri kuanza namba na herufi n, maana ID haikubali kuanza na tarakimu. Kisha:

```
xmllint --noout --dtdvalid kamusi.dtd kamusi-r.xml
```

Makosa ya safari hii yataitwa `validity error`, si `parser error`. Maana yake faili linasomeka ila halijafuata kanuni zako. Ukitaka pia kubana ngeli ziwe zile tu unazozitambua, DTD haiwezi kulazimisha maandishi yaliyo ndani ya elementi. RELAX NG, lugha nyingine ya kuandika kanuni kama hizo, inaweza, na xmllint inaisoma kwa `--relaxng`, mradi skima (faili la kanuni) iandikwe kwa umbo la XML. Hilo lisubiri, maliza hili kwanza. Na hata huko, hakuna programu itakayokuambia kama ng'onda aende i-zi au a-wa. Hilo ni lako.

---

mwalimu_wa_pangani

Nimerudi. DTD ilitoa makosa 41, na nimeyapitia moja baada ya jingine nikiwa na madaftari mezani.

38 ni ya yule mwanafunzi aliyetanguliza maana. Ujumbe wake ulikuwa wazi kuliko nilivyotarajia: `expecting (kidahizo , ngeli , maana+ , mfano*), got (kidahizo maana ngeli mfano )`. Nimeyapanga kwa mkono, mstari kwa mstari, kwa kuwa nilitaka nisome tena kila kimoja. Katika kusoma nimekuta "kolekole" imeandikwa "kalekole", kosa ambalo hakuna amri ingelikamata.

Mawili ni namba zilizojirudia, `ID n0412 already defined` na nyingine kama hiyo. Wanafunzi wawili walipeana namba bila kujua. Nimezibadilisha.

La ngeli ya ng'onda nimeamua: i-zi inabaki kwa umbo la neno, na nitaongeza maelezo kwamba upatanisho hufuata a-wa. Mfano wenyewe unasema hivyo, "ng'onda wa papa".

Likabaki moja. `Element kitomeo content does not follow the DTD`, na mwisho wake `got (kidahizo ngeli )`. Kitomeo hakina maana kabisa. Neno ni "hamarawi". Nikafikiri mwanafunzi ameruka, nikafungua daftari la tatu ukurasa wa mwisho, na mwandiko ni wangu mimi: "hamarawi – kamba – nimuulize tena". Nimeandika hivyo miaka miwili iliyopita na sikumuuliza. Najua ni kamba, ila inafungwa wapi na inavuta nini, sijui. Kama ningetumia njia ya mkato neno hili lingekaa humo bila maana, na nisingejua kuwa lipo.

Aliyenitajia yu hai bado, yuko Bweni, ana umri wa miaka themanini na kitu. Kesho Jumamosi sina kipindi. Navuka na pantoni ya asubuhi, na daftari nalibeba.